Tuba Lililokaliwa na Nyuki

Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kijijini kwetu Santa Eduviges ni kinyume. Pale asiyekuwepo ndiye lake lipo, tena limeshaandikwa kwenye daftari la kijiji na kugongwa muhuri. Mkutano wa kugawa kazi za kijiji hufanyika mara moja kwa mwaka. Watu wazima wote hukaa kwenye mabenchi, na kila kazi inapotajwa vichwa huinama kama kuku wanaotafuta punje. Kazi hizo hazina mshahara, wala hakuna kukataa. Kwa hiyo mtu akikosa kufika, wenzake humkumbuka kwa upendo mkubwa sana.

Januari ile aliyekumbukwa alikuwa Taurino Yescas.

Hakuwa mtoro. Asubuhi ya mkutano bumba la nyuki lilitoka kwenye mzinga wake wa tatu likaenda kuning'inia juu ya mparachichi wa jirani, na mfuga nyuki anayeacha bumba lipotee ili akasikilize hotuba, huyo si mfuga nyuki. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na mizinga kumi na minne juu ya kilima, mbali na kila mtu. Aliwapenda nyuki kwa sababu hawafungulii redio. Kengele ya kanisa ikilia, alifunga dirisha. Mkewe, Doña Eufrosina, alikuwa akiwaambia watu kwamba Taurino alimposa kwa ishara za mikono, na yeye akakubali kwa huruma, akidhani ni bubu.

Mkuu wa kijiji mwaka ule alikuwa Nahum, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye ndiye aliyemsimamia mtoto wa Taurino kwenye ubatizo. Tangu siku ile wawili hao huitana kompadre. Saa sita mchana Nahum alifika chini ya mparachichi, akamkuta mwenzake juu ya ngazi, gunia mkononi.

"Kompadre, shuka kidogo."

"Siwezi. Malkia hajaingia kwenye gunia."

"Basi sikiliza hukohuko. Umechaguliwa."

"Nimechaguliwa nini? Mlinzi wa maji?"

"Maji kapewa Zosimo."

"Makaburi?"

"Makaburi yaligombaniwa. Wafu hawana usumbufu." Nahum alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba maneno yaliyobaki yameandikwa humo. "Mwenyekiti wa kamati ya bendi ya watoto."

Ngazi ilitikisika.

"Kompadre, mimi hata mluzi siupendi."

"Niliwaambia. Wakasema ndiyo vizuri, hutampendelea mtu."

Hapo lazima niseme kwa nini jambo lile halikuwa la kuchekea. Kila Oktoba, mkesha wa sikukuu ya mtakatifu wetu, bendi ya San Bartolo huja kutupigia muziki, kama yetu inavyokwenda kwao kwenye sikukuu yao. Bendi ngeni hupokewa kwenye mlango wa kijiji na bendi mwenyeji, uso kwa uso, na mwenyeji hupiga kwanza. Hakuna hotuba wala sahani ya nyama inayoweza kuziba nafasi hiyo. Lakini wanaume wetu wengi wamekwenda kaskazini kutafuta kazi, wengine na vyombo vyao mgongoni. Mwaka uliotangulia, wapigaji arobaini wa San Bartolo walipokewa na wazee wanne na ngoma moja iliyochanika, na mmoja wa wazee hao alikuwa amesinzia wima. San Bartolo hawakutucheka. Walitupa pole, na hiyo pole ndiyo iliyotukosesha usingizi.

Ndiyo maana mkutano ukaamua: Oktoba hii watapokewa na watoto. Wasipokuwa tayari, mwenyekiti wa kamati ataila sikukuu akiwa mahabusu. Sheria ya kijiji haimjui kompadre.

Vyombo vyenyewe vilikuwepo, kumi na vinane, na kwa desturi hutunzwa nyumbani kwa mwenyekiti. Taurino aliviweka kwenye banda lake la asali, tarumbeta na klarineti rafuni, ngoma chini. Tuba, lile dubwana la shaba linalomzunguka mpigaji kama chatu aliyeshiba, alilitundika kwenye boriti.

Mwalimu akaja kutoka kijiji cha Wamixe ng'ambo ya milima, ambako watu husema mtoto mchanga hulia kwa noti. Jina lake Oliveria, umri miaka ishirini na minne, kimo cha mtoto wa darasa la sita. Siku ya kwanza alisimama mbele ya watoto kumi na wanane akasema, "Hakuna atakayegusa chombo mpaka sherehe za uhuru za Septemba zipite. Kabla ya hapo tutaimba majina ya noti."

Miongoni mwa hao kumi na wanane alikuwemo Ausencia, mjukuu wa Taurino, miaka tisa, aliyeachwa kwa babu na bibi tangu wazazi wake walipokwenda kuosha vyombo Los Angeles. Ausencia hakuwa mtoto wa kukaa chini. Alijibu maswali kabla hayajaisha, alimng'ata mtoto wa Zosimo kwa sababu ya kifutio, na kwenye rozari alifika amina watu wengine wakiwa bado kwenye salamu. Mwalimu alipouliza nani anataka chombo gani, alisimama juu ya kiti.

"Tuba."

"Tuba ni kubwa kuliko wewe," akasema Oliveria.

"Hata ng'ombe ni mkubwa kuliko mimi, na namswaga."

Mwalimu akaandika jina lake.

Kazi ya mwenyekiti ni kuwakusanya watoto saa kumi, kufagia chumba, na kukaa nyuma ili wajue kwamba kuna mtu mzima amekaa nyuma. Taurino alikaa, pamba masikioni. Watoto waliimba do, re, mi huku mkono wa kulia ukishuka na kupanda kama wanaopasua kuni zisizoonekana. Siku nenda siku rudi. Mwishoni mwa Februari alishindwa kuvumilia, akachomoa pamba.

"Mwalimu, hawa watapiga lini?"

"Wanapiga sasa hivi, Don Taurino."

"Sioni chombo."

"Chombo ni hiki," akasema Oliveria, akigusa sikio lake. "Mtoto akishaubeba wimbo kichwani, shaba itamfuata yenyewe. Asipoubeba, atapuliza mate tu."

"Na hapo wanaponyamaza wote wakati mkono unaendelea?"

"Hicho ni kimya. Nacho kinapigwa. Ndicho kigumu kuliko vyote."

Taurino alirudisha pamba, lakini sikio moja tu. Kwa maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu akikisifia kimya.

Kufika Aprili mambo ya ajabu yakaanza. Doña Eufrosina alikuwa wa kwanza kuyaona. Alimuuliza Ausencia kama amewalisha kuku, na mtoto akainua kidole, akatulia, ndipo akajibu, "Nimewalisha."

"Mbona unachelewa kujibu? Umewalisha au unatunga?"

"Palikuwa na kimya cha mapigo mawili, bibi."

"Mapigo mawili nitakupa mimi, kwa mwiko huu."

Lakini mwiko ulibaki chunguni, maana ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kujibu swali lililokwisha. Mezani nako alianza kuikata tortiya yake, chapati ya mahindi, nusu, kisha robo, kisha vipande vinane, kisha kumi na sita, akivila kwa mpangilio huku akigonga mguu, na alipofika kipande cha mwisho alijua bila kuhesabu kwamba ni cha mwisho. Taurino alijaribu hivyo kwa siri akamaliza na vipande kumi na saba. Mpaka leo hajui kile kimoja kilitoka wapi.

Mwezi wa tano mwalimu wa shule ya msingi alipanda kilima mpaka kwenye mizinga, akihema, shati limelowa.

"Don Taurino, wale watoto wa bendi mnawalisha nini?"

"Maharage. Kwani wamefanya nini?"

"Hakuna walichofanya. Ndiyo shida. Ni walewale waliokuwa wakining'inia madirishani. Sasa wanakaa. Nikisema jambo wananitazama mpaka nimalize. Jana nilisahau nilichotaka kusema, kwa sababu sijazoea kufika mwisho wa sentensi. Na yule wako, Ausencia, kanisahihishia hesabu ya sehemu ubaoni."

"Kamng'ata mtu?"

"Wala. Alingoja zamu yake."

Wanaume wawili wale walitazamana. Chini bondeni sauti za watoto zilikuwa zinapanda, do, mi, sol, na Taurino akagundua kwamba anagonga kifuniko cha mzinga kwa kidole kufuatana nazo. Akauficha mkono mfukoni.

Basi, ingekuwa hadithi nzuri kama angebaki hivyo, mtu anayefagia na kujifunza polepole. Lakini Juni ilifika, na bumba la nyuki likaingia ndani ya tuba.

Alilikuta asubuhi moja alipokwenda kuchukua ndoo. Nyuki wanapanga foleni kwenye mdomo wa shaba kama waumini mlangoni, wanaingia, wanatoka, wametulia. Angewatoa siku ileile, kazi ingekuwa ya nusu saa. Badala yake alivuta kigoda, akakaa, akawatazama. Malkia wa bumba lile alikuwa mpole ajabu, wa aina ambayo mfuga nyuki huipata mara mbili maishani. Na nani angeligusa tuba kabla ya Septemba? Mwalimu mwenyewe alikataza. Zaidi ya hayo, kwa maoni ya Taurino, chombo kile kilikuwa hatimaye kimepata kazi ya heshima, kazi isiyopiga kelele.

Hakumwambia mtu, hata mkewe. Julai alisema nitawatoa Agosti. Agosti mvua ilinyesha siku kumi na mbili mfululizo, na nyuki hawahamishwi kwenye mvua. Septemba mvua ilikatika, lakini masega yalikuwa yamejaa asali nyeusi yenye harufu ya maua ya milimani, na moyo wake ukakataa.

Sherehe za Septemba zikapita. Kesho yake Taurino alivitoa vyombo bandani peke yake, na Oliveria akavigawa. Watoto kumi na saba walipokea vya kwao kwa mikono miwili, kama mkate wa komunyo, na baada ya siku mbili za kukoroma kama nguruwe, wimbo ukaanza kutoka. Shaba iliwafuata kweli. Wakaenda na wimbo mmoja wa gwaride, huohuo mmoja, asubuhi na jioni.

"Na tuba, Don Taurino?" akauliza Oliveria.

"Linapigwa brashi."

Keshokutwa yake: "Tuba?"

"Linakauka."

Wiki iliyofuata alisema linapakwa mafuta, halafu linapumzika. Oliveria alimtazama kwa kimya cha mapigo yasiyopungua manane. Ausencia, ambaye hakuwa na chombo, alipewa kijikombe cha tuba kinachowekwa mdomoni, hicho tu peke yake, kilichokuwa kimehifadhiwa sandukuni. Akazunguka nacho uani akitoa mlio wa bata mgonjwa, na alipochoka midomo aliimba sehemu yake kwa sauti, do, sol, do, sol, akiwamwagia kuku mahindi.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Asubuhi Taurino alimkuta mjukuu wake katikati ya ua, kichwa kimeinama upande, mkono mmoja hewani.

"Babu, nyuki wako wa kilimani wanaimba noti ya la."

"Nyuki hawaimbi. Wanafanya kazi."

"Wanaimba la. Nimewasikiliza. Lakini kuna wengine hapa chini, wao wanaimba kama wako ndani ya pipa." Akageuka taratibu kama sindano ya dira. "Wako bandani."

"Hilo ni banda la asali. Nyuki hupitapita."

"Hawa hawapiti. Wanaishi." Ausencia akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. "Babu, wako ndani ya kitu cha shaba."

Mtu aliyeficha siri miezi minne, akaikwepesha mbele ya mke mwenye macho kama Doña Eufrosina, siri yake ikafichuliwa na sikio la mtoto wa miaka tisa aliyefundishwa kusikiliza. Taurino alifungua mlango. Ausencia alilitazama tuba lake. Zamani angepiga kelele, angempiga babu teke la goti. Sasa alisimama tu, na Taurino aliuona mkono wake mdogo ukishuka na kupanda pembeni mwa sketi, ukihesabu.

"Nimengoja tangu Januari," akasema mwishowe.

"Najua."

"Utamwambia mwalimu wewe, au nimwambie mimi?"

Taurino ndiye aliyemwambia, kofia kifuani. Oliveria alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu kuna mtu aliwahi kumficha bata ndani ya ngoma," akasema. "Lakini bata alitoka, Don Taurino."

Asubuhi ileile nyuki walihamishwa. Taurino, moshi na gunia, aliwashawishi mmojammoja, akimwomba malkia msamaha. Oliveria aliumwa mara tatu, akang'ata tu ukosi wa blauzi. Masega yaliyofikika yalikatwa, sufuria tatu za asali. Lakini tuba lina matumbo marefu, na huko ndani nta ilikuwa imejibana kila kona.

"Maji ya moto," akasema Taurino. "Nta huyeyuka kwa maji ya moto."

Nta huyeyuka, ni kweli. Ikayeyuka, ikateremka ndani ya mabomba yote yale kwa furaha, na ilipofika kwenye kona ya mwisho ambako maji yalikuwa yameshapoa, ikaganda ikawa kizibo. Ausencia akapuliza mpaka masikio yakawa mekundu. Haikutoka hata pumzi ya panya. Nahum alimpigia simu fundi wa mjini, naye akasema wiki mbili.

"Kompadre," akasema Nahum, "ningekufunga leo, lakini nakuhitaji uwakusanye watoto."

Walikaa jikoni kwa Doña Eufrosina, mkuu wa kijiji, mwalimu, mwenyekiti na mtoto, na sufuria za asali katikati.

"Bendi bila besi ni nyumba bila msingi," akasema Oliveria. "Wale wadogo watayumba. Ngoma itakimbia, klarineti zitaifuata, tutamaliza wimbo kabla San Bartolo hawajashusha mizigo."

"Tuombe tuba kwa San Bartolo wenyewe," akasema Nahum, kisha akajijibu, "Hapana. Afadhali ile ngoma iliyochanika."

Doña Eufrosina alikuwa akilamba kijiko. "Lakini asali ni nzuri. Mwambieni mtakatifu mfungwa wetu anajua kazi."

Oliveria akamgeukia Ausencia. "Sehemu yako unaijua?"

Ausencia alingoja mapigo yake mawili. "Yote."

"Basi utaiimba."

"Nitasimama bila chombo? Mbele ya San Bartolo?"

"Utasimama mahali pa tuba."

Mtoto alimtazama babu yake. Taurino aliangalia sakafu ya udongo, na kwa mara ya kwanza mahabusu haikumtisha. Kilichomtisha ni lile tao la maua kwenye mlango wa kijiji, na mtoto mdogo chini yake, mikono mitupu, akiimba do mbele ya watu arobaini wenye shaba.

Mkesha ulifika na jua kali. Chini ya tao walisimama viongozi na fimbo zao za madaraka, wanawake na vikombe vya pombe kali ya meskali, na watoto kumi na wanane kwa mistari. Wa mwisho kulia alikuwa Ausencia, nywele zimesukwa kwa utepe, mikono mbavuni. San Bartolo waliteremka njia ya mlimani wamebeba vyombo vinavyometameta, wakajipanga hatua kumi mbele yao. Nyuma kabisa alisimama mpigatuba wao, Don Macedonio, mtu mwenye kifua cha pipa na masharubu ya fahali.

Oliveria akainua mkono.

Wimbo ulianza, na chini ya tarumbeta na klarineti ikasikika sauti ya mtoto wa kike, nyembamba, imenyooka: do, sol, do, sol. Kwenye mistari ya San Bartolo mtu akamsogelea mwenzake.

"Tuba lao linakula tortiya ngapi kwa siku?"

"Angalau halina kutu."

Vicheko vikapita mstarini. Taurino aliyasikia yote, maana masikio yake siku hizi yalikuwa wazi. Aliona shingo ya Ausencia ikiwa nyekundu. Lakini sauti haikutetereka. Ngoma ilijaribu kukimbia, kama alivyotabiri mwalimu, na ile sol ikaishika shati ikairudisha. Tarumbeta ya pili ikapotea njia, ikasikia do, ikajua nyumbani ni wapi. Palipokuja kimya, kile kikubwa cha katikati ya wimbo, watoto kumi na wanane walinyamaza pamoja, mapigo manne kamili, hakuna aliyekohoa, na hapo vicheko vya San Bartolo vikakosa pa kujificha, vikafa.

Walipoanza sehemu ya pili, Don Macedonio hakuwa amecheka. Vidole vyake vilikuwa vikibonyeza vitufe bila sauti, vikimfuata mtoto. Naye alifundishwa hivyohivyo, miaka arobaini iliyopita, mkono ukipasua hewa. Mgeni haruhusiwi kupiga kabla mwenyeji hajamaliza. Macedonio alijua. Lakini sauti ile ilikuwa imemwachia nafasi chini yake, kama mtu anayesogea kwenye benchi, na midomo yake ikaenda yenyewe. Do, likanguruma tuba, polepole, chini kabisa. Sol. Ausencia hakugeuza hata jicho. Aliendelea kuimba, na wimbo ukafika mwisho ukiwa umesimama kwa miguu miwili.

Watu walipiga makofi, meskali ikazunguka. Kiongozi wa San Bartolo, mzee mmoja mrefu mwenye kofia nyeusi, alimkumbatia Nahum.

"Mmetupokea vizuri. Lakini tuba lenu liko wapi?"

"Kwa fundi mjini," akasema Nahum, akitazama mawingu.

"Mwaka mzima, na tuba linapelekwa kwa fundi siku ya mwisho?" Mzee alimtupia jicho Oliveria. "Mwalimu anayesahau tuba. Vijana wa siku hizi."

Oliveria akawageukia watoto wake, akawanyoosha mistari. Alikuwa mgeni kijijini, na mgeni hajitetei mbele ya wageni wengine. Nahum alimkanyaga Taurino mguu, maana yake nyamaza, na kama kuna jambo Taurino aliliweza maishani ni hilo. Lakini alipiga hatua mbele. Alihesabu mapigo mawili.

"Mwalimu hakusahau kitu," akasema. "Tuba lilikuwa kwangu. Nililifanya mzinga."

"Ulilifanya nini?"

"Mzinga wa nyuki. Tangu Juni. Halafu nikaliharibu kwa maji ya moto."

Ilichukua muda San Bartolo kuamini. Walipoamini, walicheka mpaka mpiga ngoma wao akakaa chini barabarani. Hawakutupa pole safari hii. Walicheka nasi tukacheka, na Don Macedonio akafuta macho kwa ncha ya masharubu akauliza kama asali ipo. Ipo, akasema Doña Eufrosina, sufuria tatu, itapakwa kwenye mkate wa asubuhi.

Nahum peke yake hakucheka. Alivutana pembeni na wazee wenye fimbo, wakanong'ona, akarudi na uso wa msiba.

"Kompadre, wageni wamepokewa, kwa hilo uko huru. Lakini mali ya kijiji imeharibiwa, na umesema mbele ya mashahidi arobaini. Kama ungenyamaza."

"Nifungwe mpaka lini?"

"Mpaka muziki wa jioni umalizike."

Mahabusu ya Santa Eduviges ni chumba kimoja kando ya ofisi ya kijiji, na dirisha lake la nondo linatazama kibanda cha bendi. Saa kumi na moja Doña Eufrosina alimpitishia tamale mbili za unga wa mahindi.

"Una kiti kizuri kuliko cha padre," akamwambia. "Wengine tumesimama juani."

"Ausencia yuko wapi?"

"Nyamaza uone."

Bendi zote mbili zilikuwa zimejazana kibandani. Don Macedonio alikuwa ameketi, tuba lake juu ya mapaja yake, akilishikilia kwa mikono yote miwili kama mtu anayemshika ndama. Nyuma ya shaba ile vilionekana utepe na kipaji cha uso. Oliveria akainua mkono, na Ausencia akapuliza.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya bata. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa do. Taurino alijua ni do kwa sababu aliisikia miezi tisa, chumbani na uani, kuku wakila. Akashika nondo. Mtoto alichelewa kuingia mara moja, na Taurino akaguna kabla mwalimu hajageuza kichwa. Akawahi mara nyingine, na Taurino akasema peke yake, "Ngoja, mwanangu, ngoja," na mtoto akangoja. Mkono wa kulia wa Taurino ulikuwa ukishuka na kupanda, ukipasua kuni ndani ya selo, na hakuuficha.

Funguo zikalia nyuma yake. Mgambo wa zamu, kijana mpole aliyeogopa kumfungia mtu aliyemzidi umri, alisukuma mlango.

"Don Taurino, mkuu anasema wimbo huu ndio wa mwisho, unaweza kutoka sasa. Doña Eufrosina yuko nje anakusubiri."

Taurino hakugeuka.

"Funga huo mlango, unapiga kelele," akasema. "Bado wana mapigo kumi na mawili."